Mpangaji na Waya wa Intaneti

Mfanyakazi anayeishi katika nyumba ya kupanga hutumia vitu vingi ambavyo hakuvichagua yeye. Hakuchagua bomba lililopitishwa ukutani, wala mita ya umeme, wala rangi ya mlango. Hayo tumeyazoea, kwa kuwa mji una shirika moja la maji, na nguzo za umeme ni za shirika moja. Lakini intaneti si kama maji. Katika miji mingi makampuni ya intaneti ni mawili, matatu au zaidi, yanashindana kwa bei, na nyaya zao hupita barabara ile ile. Hata hivyo mpangaji akitaka kuhama kutoka kampuni moja kwenda nyingine, mara nyingi huambiwa kwamba katika jengo hili kampuni ni hii tu. Akiuliza aliyeamua ni nani, ataona kwamba mapatano yalifanywa zamani kati ya mwenye nyumba na kampuni, na yeye mlipaji hakuitwa kwenye mazungumzo hayo.

Tumechagua kueleza jambo hili kwa mfano wa Marekani, kwa sababu mbili. Kwanza, huko ugomvi huu umepiganwa mbele ya mabunge na mahakama kwa zaidi ya miaka hamsini, kwa hiyo hatua zake zinaonekana wazi. Pili, ndugu zetu wengi wa Kongo na Burundi, waliokaa miaka mingi katika kambi za Kigoma na za Uganda, wamehamishiwa huko, na wengi wao huanza maisha katika fleti za kupanga. Mwisho wa mwezi hati ya pango huja ikiwa na mstari wa intaneti. Ni vizuri wajue mstari huo umetoka wapi.

WAYA JUU YA PAA

Habari yenyewe ilianza na televisheni ya kebo, kabla ya intaneti kuingia majumbani. Huko New York kampuni iliyoitwa Teleprompter ilipitisha nyaya zake juu ya mapaa ya majumba, na ilikuwa na desturi ya kumwomba ruhusa mwenye nyumba na kumlipa asilimia 5 ya mapato yote iliyoyapata katika jengo lake. Tuiangalie vizuri hiyo asilimia 5. Fedha ni za mpangaji, aliyelipia televisheni yake. Zinapita kwa kampuni, kisha sehemu yake inamwendea mwenye nyumba, ambaye mwezi huo huo amekwisha pokea kodi yake kamili. Mijini kwetu jambo hili lina jina, nalo ni kilemba. Tofauti ni kwamba kilemba cha kawaida mpangaji hukiona kinapotoka mfukoni mwake, na hiki hakioni.

Mwaka 1973 Jimbo la New York lilianza kutumia sheria iliyosema kwamba mwenye nyumba asizuie kebo kuwekwa katika jengo lake, asimdai mpangaji malipo kwa ajili hiyo, wala asiidai kampuni zaidi ya kiasi kitakachokubaliwa na tume ya jimbo. Tume ikakitaja kiasi hicho: dola 1, tena mara moja tu.

Jean Loretto alikuwa amenunua jumba la ghorofa tano huko Manhattan mwaka 1971. Baadaye akagundua kwamba juu ya paa lake pana waya wa Teleprompter, uliowekwa wakati wa mwenye nyumba aliyemtangulia. Unene wa waya huo haukufika nusu inchi. Pamoja na visanduku vyake ulichukua, kwa hesabu ya jaji mmoja, nafasi ya kama sehemu moja ya nane ya futi moja ya ujazo, yaani nafasi ndogo kuliko ya sufuria la ugali. Bibi huyo akashitaki. Kesi ikapanda ngazi hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo tarehe 30 Juni 1982 ilitoa hukumu kwa majaji 6 dhidi ya 3. Ilisema kwamba kitu cha kudumu kinachowekwa juu ya mali ya mtu kwa idhini ya serikali, hata kiwe kidogo namna gani, ni kutwaa sehemu ya mali hiyo, na Katiba inataka fidia ilipwe.

Aliyeiandika hukumu hiyo ni Jaji Thurgood Marshall. Jina hilo si geni Afrika Mashariki. Mwaka 1960 alikuwa mshauri wa wajumbe wa Kiafrika wa Kenya katika mkutano wa Lancaster House jijini London, na akawaandikia rasimu ya haki za raia, ulinzi wa mali ukiwamo. Huyu hakuwa wakili wa mabwanyenye. Sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia mahakamani kuwatetea Weusi wa Marekani. Kwa hiyo tusidhani kwamba kila anayeitazama mali kwa uangalifu yuko upande wa wenye majumba.

Wala ushindi wa wenye majumba haukuwa mkubwa kama walivyodhani. Mahakama ya Juu haikuifuta sheria ya 1973. Ilisema tu kwamba fidia ilipwe na kiasi chake kiamuliwe huko huko New York. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya jimbo hilo ikaukubali utaratibu wa tume, na wapangaji wakabaki na kebo yao.

Tumekaa juu ya kesi hii kwa kuwa mizozo mingi ya baadaye imesimama juu yake. Serikali ikitaka kumlazimisha mwenye nyumba aruhusu waya kuingia, ni lazima kwanza ifikirie Katiba na fidia. Ni rahisi zaidi kuishika kampuni kuliko kumshika mwenye nyumba.

TUME YAYASHIKA MAKAMPUNI

Huko Marekani simu, redio na kebo husimamiwa na Tume ya Mawasiliano ya serikali kuu, iliyoundwa mwaka 1934. Kazi yake ni kusimamia makampuni, na mamlaka yake juu ya wenye nyumba ni madogo. Tarehe 31 Oktoba 2007 Tume hiyo ilipitisha amri juu ya majengo ya makazi: kampuni ya kebo isiingie mkataba wa kuwa peke yake katika jengo, na mikataba ya namna hiyo iliyokwisha tiwa saini isitekelezwe. Mwaka 2008 amri ikapanuliwa hadi makampuni ya simu. Chama cha makampuni ya kebo na vyama vya wenye majumba vilikwenda mahakamani kuipinga, na mwezi Mei 2009 Mahakama ya Rufani huko Washington ikaiunga mkono Tume.

Mtu angedhani kwamba mambo yalikwisha hapo. Lakini mfanyabiashara akifungiwa mlango hutafuta dirisha.

Dirisha la kwanza lilikuwa nyaya zenyewe. Mkataba mpya hausemi kwamba kampuni iko peke yake jengoni. Unasema kwamba nyaya zilizomo ndani ya kuta zitatumiwa na kampuni hiyo peke yake. Kampuni ya pili karibu, ila ilete nyaya zake na kutoboa kuta kutoka ghorofa hadi ghorofa, jambo ambalo hakuna mwenye nyumba atakayelikubali. Ilikuwapo hata hila ya kampuni kumuuzia mwenye nyumba nyaya zake na papo hapo kuzikodi kutoka kwake. Katika karatasi nyaya ni za mwenye nyumba, na katika kazi ni za kampuni ile ile, na mshindani akija kuziomba kila mmoja anamwonyesha kidole mwenzake.

Dirisha la pili ni ile asilimia 5 ya zamani, sasa imefundishwa kupanda ngazi. Kadiri wapangaji wengi wanavyojiunga na kampuni hiyo, ndivyo fungu la mwenye nyumba linavyokua, na si kwa kiasi tu bali hata kwa asilimia. Tuseme kwa mfano jengo lina fleti 100 na intaneti ni dola 60 kwa mwezi. Fleti 40 zikijiunga, mapato ni dola 2,400, na kwa asilimia 5 mwenye nyumba anapata 120. Fleti 80 zikijiunga, mapato ni dola 4,800, asilimia imepanda kuwa 10, naye anapata 480. Wateja wameongezeka mara mbili, fungu lake limeongezeka mara nne. Mwenye nyumba wa namna hii hahitaji mkataba wa kumkataza kufungua mlango kwa kampuni nyingine. Atajikataza mwenyewe.

Dirisha la tatu ni matangazo. Mpangaji mpya anapokabidhiwa funguo anakabidhiwa na fomu ya kampuni moja. Ukutani kuna bango la kampuni hiyo, na karani wa jengo anaisifu hiyo tu. Hakuna aliyekatazwa kujiunga na nyingine, lakini mgeni katika mji atajuaje kwamba nyingine ipo?

Miaka ikapita. Ugonjwa wa korona ulipofunga shule na ofisi mwaka 2020, intaneti ya nyumbani ikawa ndiyo darasa la mtoto na mahali pa kazi pa mzazi, na malalamiko ya wapangaji yakasikika zaidi. Tarehe 15 Februari 2022 Tume ilipiga kura tena, na wajumbe wake wote 4 wakakubaliana. Malipo yanayopanda ngazi kwa mwenye nyumba yakakatazwa, na malipo yanayotolewa kwa sharti la kampuni kuwa peke yake yakakatazwa pia. Hila ya kuuza nyaya na kuzikodi ikatangazwa kuwa ni kuvunja amri zilizokuwapo. Kuhusu matangazo, mapatano yaliruhusiwa kuendelea, ila kampuni sharti imwambie mpangaji kwa lugha nyepesi kwamba mapatano hayo yapo na kwamba anaweza kujiunga na kampuni nyingine.

Sisi tunaona kwamba juu ya matangazo Tume ilikuwa laini. Na tundu kubwa zaidi lilibaki wazi: amri zote hizi zinaifunga kampuni. Mwenye nyumba ambaye hana mkataba wowote wa kuwafungia wengine, lakini kwa hiari yake hataki fundi wa kampuni ya pili aingie, hakuguswa. Kumgusa huyo ni kazi ya sheria za majimbo na miji. Jiji la San Francisco lilipitisha sheria yake mwaka 2016, ikaanza kazi mwaka 2017: mpangaji akiomba huduma kutoka kampuni nyingine, mwenye nyumba asizuie. Mwaka 2019 Tume ile ile, chini ya uongozi mwingine, ikaibatilisha sheria hiyo katika sehemu moja, yaani pale ilipotaka nyaya ambazo bado zinatumiwa na kampuni moja zitumiwe na nyingine.

Tuongeze neno juu ya mafundi, kwa kuwa hao ni wenzetu. Mafundi wengi wa kuunganisha intaneti hufanya kazi kwa mkataba na hulipwa kwa kazi iliyokamilika. Fundi anayerudishwa na mlinzi wa jengo amepoteza nusu siku na mafuta ya gari, na hakuna amri yoyote kati ya hizi inayomtaja.

INTANETI NDANI YA PANGO

Sasa tufike kwenye ule mstari wa hati ya pango. Hapa mwenye nyumba ananunua intaneti ya jengo zima kwa bei ya jumla, kisha kila fleti inalipishwa sehemu yake, uitake usiitake. Kampuni nyingine hazijafungiwa. Mpangaji ana ruhusa ya kujiunga na yoyote, mradi aendelee kulipia na ile asiyoitumia. Ni uhuru wa kulipa mara mbili.

Kwa haki inatupasa tuseme na upande wa pili. Bei ya jumla kwa kawaida huwa chini ya bei ya rejareja. Familia iliyofika jana, isiyo na historia ya mikopo ambayo makampuni ya Marekani huipekua kabla ya kumpokea mteja, inapata intaneti siku ile ile bila amana. Tume ilipolichunguza jambo hili mwaka 2010 iliona kwamba faida zake ni nyingi kuliko hasara, ikauacha utaratibu uendelee. Hatuwezi kuzidharau hoja hizo, hasa baada ya ule msaada wa serikali uliokuwa ukizipunguzia familia za kipato kidogo hadi dola 30 kwa mwezi kukoma katikati ya mwaka 2024.

Lakini swali ni moja: punguzo linamfikia nani? Kampuni ikimuuzia mwenye nyumba kwa dola 30 kwa kila fleti, naye akiandika 65 katika hati ya pango, bei ya jumla imemfaidia yeye. Mpangaji hana njia ya kuliona hilo, kwa sababu mkataba hakupewa kuusoma. Kuna na jambo zito zaidi. Deni la kampuni ya intaneti ni deni la kawaida. Ukishindwa kulipa, waya unakatwa na mambo yanakwisha. Intaneti ikiandikwa katika mkataba kuwa ni sehemu ya pango, kushindwa kuilipa ni kuwa na malimbikizo ya pango, na mwenye malimbikizo ya pango huweza kufikishwa mahakamani atolewe nyumbani. Kitu kidogo kama hicho kimefungwa kwenye paa la mtu na watoto wake.

Mwezi Machi 2024 mwenyekiti wa Tume wa wakati huo, Bibi Jessica Rosenworcel, alipendekeza mpangaji apewe haki ya kujitoa katika malipo ya namna hii. Wenye majumba na makampuni walipinga kwa nguvu. Pendekezo halikufika kura. Serikali ilipobadilika, mwenyekiti mpya, Bwana Brendan Carr, alitangaza mwezi Januari 2025 kwamba amelifuta, akisema kuwa lingepandisha bei kwa wapangaji.

Ndipo majimbo yakachukua nafasi. Jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2025, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2026. Mpangaji huko anaweza kumwambia mwenye nyumba kwamba haitaki intaneti ya jengo, na mwenye nyumba sharti amwondolee malipo yake. Akikataa, mpangaji anaweza kuikata fedha hiyo katika kodi, na mwenye nyumba haruhusiwi kumlipizia kisasi. Wapinzani walikuwa wamesema kwamba bei ya jumla haiwezi kudumu ikiwa kila mtu anaweza kujitoa. Huenda katika majengo mengine itapanda kidogo. Lakini kampuni yenye huduma nzuri na bei nafuu haina sababu ya kuogopa kwamba jengo zima litaikimbia.

UJERUMANI

Jambo hili limekwisha pimwa kwa kiasi kikubwa nchini Ujerumani. Huko, tangu kebo ya televisheni ilipoenezwa katika miaka ya 1980, mwenye nyumba aliruhusiwa na sheria kuingiza malipo ya kebo katika gharama za nyongeza za pango, pamoja na ufagizi wa ngazi na uzoaji wa taka. Nyumba kama milioni 12 zilikuwa katika utaratibu huo, na watu wasiowasha televisheni mwaka mzima walilipa sawa na wengine. Chama cha wapangaji kilitaka ruhusa hiyo iondolewe. Vyama vya wenye majumba vikasema bei itapanda. Sheria mpya ya mawasiliano ya mwaka 2021 ikaiondoa, lakini ikawapa wenye majumba muda wa kujipanga hadi tarehe 30 Juni 2024. Tangu siku iliyofuata, kila mpangaji anajiamulia mwenyewe. Kampuni kubwa ya kebo ya nchi hiyo ilipoteza mamilioni ya wateja wa televisheni, jambo linaloonyesha ni wangapi waliokuwa wakilipa kwa kulazimishwa.

Uhuru huo nao ulikuja na usumbufu wake. Mwaka 2024 wachuuzi wa makampuni walipita mlango kwa mlango, wengine wakijiita washauri na kuwaambia wazee kwamba televisheni itazimika kesho wasipotia saini leo. Vituo vya kulinda walaji vilibidi vitoe maonyo.

MAMBO YA KUULIZA

Kwa ndugu walioko Marekani kuna haki moja ambayo wengi hawaijui. Amri ya Tume ya mwaka 1996, iliyopanuliwa kwa wapangaji mwaka 1999, inamruhusu mpangaji kuweka dishi lisilozidi mita moja kwa kipenyo mahali anapopatumia yeye peke yake, kama vile baraza au roshani yake. Tangu mwaka 2001 haki hiyo inahusu na vyombo vya kupokea intaneti kwa mawimbi. Haihusu paa la wote wala ukuta wa nje, wala haitoi ruhusa ya kutoboa ukuta. Mwenye nyumba anaweza kuweka masharti ya usalama, lakini hawezi kukataa kwa sababu tu kwamba halipendi dishi. Pale ambapo waya wa kampuni ya pili umezuiwa, njia ya hewani mara nyingine imefungua mlango.

Na huku kwetu? Nyaya za baharini zilifika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, zikapanda bara hadi Kampala, Kigali na Bujumbura, na sasa faiba inaingia katika majengo ya fleti moja baada ya jingine. Mlinzi wa geti anayemrudisha fundi kwa kuwa si wa kampuni ya jengo si hadithi ya Marekani peke yake. Mikataba yetu ya pango mara nyingi ni ukurasa mmoja usiotaja intaneti kabisa, na mpangaji hudaiwa kodi ya miezi kadhaa, pengine mwaka mzima, kwa mkupuo. Akiishalipa hana tena nguvu ya kujadiliana. Kwa hiyo maswali yaulizwe wakati dalali bado anaonyesha vyumba: katika jengo hili kuna kampuni ngapi? Nyaya za ndani ni za nani? Nikileta kampuni yangu, fundi ataruhusiwa kupanda? Intaneti imo katika kodi, na nikiikataa kodi itapungua kwa kiasi gani? Inafaa wapangaji wa ngazi moja waulize kwa pamoja, maana kampuni haipendi kuvuta waya kwa ajili ya fleti moja, lakini kwa fleti 10 itakuja yenyewe kuzungumza na mwenye nyumba. Majibu yakishapatikana, yaandikwe katika mkataba kabla ya kutia saini.